Kamishna Aliyejiuzulu: Maisha ya Arthur Young (1907–1979)



Siku mkipata nafasi ya kwenda katikati ya London, shukeni kituo cha Bank au St Paul's, kisha mtazameni askari polisi anayepita. Kwenye kofia yake mtaona utepe wenye miraba midogo. Kwa polisi wa sehemu nyingine za London miraba hiyo ni myeusi na myeupe, lakini pale ni myekundu na myeupe. Sababu ni kwamba City of London, mtaa mkongwe wa mabenki wenye eneo la kama maili moja ya mraba, una polisi wake na kamishna wake, mbali na polisi wa jiji zima.

Kuanzia 1950 hadi 1971 kamishna huyo alikuwa Arthur Young. Alishika cheo hicho zaidi ya miaka 20, akapewa heshima ya kuitwa Sir, na vitabu vya historia ya polisi wa Uingereza vinamtaja kwa mengi. Sisi tumemchagua katika ukurasa wetu wa maisha ya watu kwa sababu ya mwaka mmoja tu, tena mwaka ambao hakuumaliza. Ni mwaka 1954, alipokuwa Kamishna wa Polisi wa Kenya. Baadhi ya babu na bibi zenu waliishi katika nchi aliyokuja kuisimamia, na habari yake inatuuliza swali gumu: askari anapovunja sheria, nani atamkamata?

Kijana wa Portsmouth

Arthur Edwin Young alizaliwa tarehe 15 Februari 1907 katika mji wa Eastleigh, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkandarasi wa ujenzi. Alisoma Portsmouth Grammar School, lakini alipofika miaka 16 aliacha masomo, ingawa familia yake haikupendezwa, akaenda kuajiriwa na polisi wa Portsmouth mwaka 1924. Alianza kama karani kijana ofisini, kisha mwaka uliofuata akavaa sare ya konstebo.

Siku hizo wakuu wengi wa polisi Uingereza walitoka jeshini au kwenye familia kubwa, wakateuliwa moja kwa moja kuwa mabwana. Young alipanda ngazi kutoka chini. Mwaka 1938, akiwa na miaka 31, alifanywa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Leamington Spa. Mwaka 1941 akahamia Birmingham kama msaidizi mkuu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia 1943, alipelekwa Italia kusimamia usalama wa raia katika maeneo yaliyotekwa na majeshi ya Uingereza na Marekani. Huko ndiko alikopata cheo cha kanali, na watu wakaendelea kumwita Kanali Young hata baada ya vita. Aliporudi aliongoza polisi wa Hertfordshire, akawa kamishna msaidizi wa polisi wa London, na mwaka 1950 akakabidhiwa polisi wa City.

Malaya, shule ya kwanza

Miaka ile himaya ya Uingereza ilikuwa inatikisika, na kila palipozuka moto serikali ilitafuta mtu wa kutuma. Mwaka 1952 Young aliazimwa kwenda Malaya, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Malaysia. Waingereza walikuwa wanapigana na wapiganaji wa Kikomunisti waliojificha msituni, na polisi walikuwa wameongezwa haraka haraka bila mafunzo ya kutosha.

Young alipunguza idadi ya askari, akawarudisha wengine darasani, na mwisho wa mwaka akaanzisha mpango alioupa jina la Operesheni Huduma. Fikra yake ilikuwa rahisi. Mwanakijiji anayemwogopa polisi hatamwambia lolote, ila anayemwona polisi akimsaidia mzee kuvuka barabara au kumtafuta mtoto aliyepotea atamwambia mengi. Kwa hiyo kila askari aliagizwa atafute njia ya kuwasaidia raia kila siku.

Tusimpambe kupita kiasi. Serikali hiyo hiyo aliyoitumikia iliwahamisha karibu watu 500,000 kutoka makwao na kuwaweka katika vijiji vipya vilivyozungushiwa waya. Young alikuwa mtumishi wa himaya, na hakuna mahali alipodai kuwa kitu kingine. Alichokiamini ni kwamba polisi, hata wa mkoloni, ni wa sheria na si wa bwana fulani.

Kenya katika hali ya hatari

Kenya ilikuwa imetangazwa kuwa katika hali ya hatari tangu tarehe 20 Oktoba 1952. Gavana alikuwa Sir Evelyn Baring. Ardhi nyingi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na Wakikuyu wengi waliishi kama maskwota kwenye mashamba hayo au walibanana katika maeneo waliyotengewa. Wapiganaji walioitwa Mau Mau, ambao wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, walikula viapo na kuingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Vita hivi havikuwa vya Waafrika na Wazungu peke yao. Walowezi waliouawa walikuwa 32, ilhali Waafrika waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Mau Mau waliwaua Wakikuyu wenzao waliokuwa upande wa serikali. Huko Lari, usiku mmoja wa Machi 1953, waliwaua watu wengi wakiwemo wanawake na watoto, kisha askari na walinzi wa vijiji wakaua wengine wengi kwa kisasi. Walinzi hao wa vijiji waliitwa homugadi. Walikuwa Waafrika walioshika silaha upande wa serikali chini ya machifu wao, na juu ya machifu walikuwepo mabwana shauri wa Kizungu. Zingatieni jambo hili: homugadi hawakuwa chini ya polisi. Walikuwa chini ya utawala wa mikoa na wilaya.

Januari 1954 wabunge kutoka London walikwenda Kenya kuona hali. Waliporudi waliandika kwamba polisi wanawatendea watu ukatili, na kwamba raia wanapoteza imani. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, ambaye ndiye aliyempeleka Young Malaya, akamwomba aende Nairobi. Young alifika mapema mwaka huo.

Alikuta polisi waliopanuka kwa kasi, na pamoja nao askari wa akiba, wengi wao vijana wa walowezi ambao waliwaona Wakikuyu wote kuwa maadui. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi katika msako uliopewa jina la Operation Anvil. Watu walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na kutikisa kichwa kwa mtu wa gunia kulitosha kumfungia mtu. Maelfu walipakiwa magari wakapelekwa kambi za kizuizini, zikiwemo Mackinnon Road na Manyani. Wenye asili ya Mombasa, Voi au Taita wanajua majina hayo, kwa kuwa yako kwenye njia ile ile ya reli na barabara ya kwenda Pwani. Polisi wa Young walishiriki katika msako huo. Hilo nalo ni sehemu ya habari yake.

Wapelelezi wanapogonga ukuta

Jambo lililomfikisha Young mwisho wa njia lilikuwa vijijini. Idara yake ya upelelezi, iliyokuwa chini ya msaidizi wake Duncan McPherson, ilianza kupokea habari za watu waliopigwa, walioteswa na waliouawa katika vituo vya homugadi. McPherson hakuwa mtu wa kushtuka upesi, kwani aliwahi kuwa mateka wa Wajapani katika Vita vya Pili. Wapelelezi walikwenda, wakachukua maelezo, wakafukua miili, wakafungua majalada.

Hapo ndipo walipogonga ukuta. Mabwana shauri waliwaona homugadi kuwa marafiki waliohatarisha maisha yao kwa ajili ya serikali. Walisema ukimshtaki chifu mwaminifu, wengine wote watavunjika moyo na vita vitashindwa. Basi mashahidi hawakupatikana, majalada yalicheleweshwa, na wakubwa wa utawala walimwendea gavana kuomba kesi zisiendelee. Alipokamatwa chifu mmoja wa upande wa Nyeri kwa tuhuma za mauaji, wakuu wa mkoa wenyewe walisimama kumkingia kifua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Young aling'ang'ania kesi hizi wakati wa vita. Jibu lilikuwa mahakamani. Chini ya sheria za hali ya hatari watu waliweza kunyongwa hata kwa kukutwa na risasi au kwa kushiriki viapo. Kabla mambo hayajaisha, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Ushahidi mara nyingi ulikuwa mtu kukiri mwenyewe. Kama kukiri huko kumetolewa kwa kipigo, basi kamba ya kunyongea inaweza kumfikia mtu asiye na hatia. Desemba 1954 Jaji Cram wa Mahakama Kuu ya Kenya, akisikiliza rufaa, alieleza waziwazi jinsi watu walivyoteswa katika kituo cha homugadi cha Ruthagathi ili wakiri. Yaliyoandikwa na wapelelezi wa Young sasa yalikuwa yanasemwa na jaji.

Barua

Young alimwendea Gavana Baring zaidi ya mara moja. Alitaka mambo mawili: polisi waachwe wapeleleze kosa lolote bila kujali nani amelitenda, na serikali itoe amri ya wazi kwamba mateso yakome. Novemba 1954 alimwandikia taarifa ndefu yenye kesi moja moja. Baring alikuwa mtu mpole wa kusikiliza, lakini hakuchukua hatua.

Desemba 1954 Young aliandika barua ya kujiuzulu. Alikuwa hajamaliza hata mwaka. Alieleza kwamba hawezi kuongoza polisi ambao wanazuiwa kufanya kazi yao, na kwamba ukatili uliokuwa ukiendelea, pamoja na hali ya kambi, ulikuwa unajulikana na wakubwa.

Fikirieni kidogo uzito wa jambo hilo. Huyu hakuwa mpinzani wa himaya wala mwanasiasa anayetafuta kura. Alikuwa mkuu wa polisi waliotumwa kuwashinda Mau Mau. Barua yake ikichapishwa, hakuna ambaye angeweza kusema ni uzushi wa maadui. Kwa sababu hiyo haikuchapishwa. London, Waziri mpya wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, na maofisa wake walikaa na Young wakakubaliana naye maneno mafupi na laini ya kutangaza mapema 1955. Yalisema kulikuwa na tofauti ya mawazo juu ya kazi ya polisi. Barua yenyewe ikafungiwa. Tarehe 18 Januari 1955 Baring akatangaza msamaha wa pande mbili: wapiganaji watakaojisalimisha hawatanyongwa kwa yaliyopita, na homugadi hawatashtakiwa kwa makosa yao yaliyopita. Mengi ya majalada ya wapelelezi yakafungwa kwa siku moja.

Young alikubali maneno yale laini na akarudi kwenye ofisi yake ya City. Hakusimama hadharani kusema aliyoyaona. Wapo wanaosema alifanya alichoweza, kwani alikuwa mtumishi wa serikali aliyefungwa na kiapo cha siri, na aliacha cheo badala ya kuacha dhamiri. Wapo wanaosema kwamba angesema wazi, pengine kuna watu wasingekufa. Mwalimu wenu hana haraka ya kuamua, ila anaona kwamba hoja zote mbili zina uzito.

Kweli iliyofichwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbunge Barbara Castle, aliyekwenda Kenya mwenyewe mwishoni mwa 1955, alizungumza na McPherson, akauliza Bungeni tena na tena kuhusu barua ya Young. Hakuipata. Kambi ziliendelea. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi. Tangazo la kwanza la serikali lilidokeza kwamba walikunywa maji mabaya. Safari hii uongo haukudumu. Uchunguzi ulifanyika, Bunge la London likawaka moto, na baada ya muda mfupi Uingereza ikaanza kuharakisha uhuru wa Kenya, uliopatikana Desemba 1963.

Karatasi za Young zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, ambako wanahistoria walizisoma miaka mingi baadaye. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliofungwa na kuteswa walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London. Mwaka 2011, kutokana na kesi hiyo, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yaliyofichwa katika jengo moja huko Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama Bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya serikali, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengi wao walikuwa na miaka zaidi ya 80. Wengine walikufa kabla ya siku hiyo. Aliyoyaandika Young mwaka 1954 yalikubaliwa na serikali yake baada ya miaka 59.

Kazi ya mwisho

Mwaka 1969 moto ulizuka karibu zaidi na nyumbani, Ireland ya Kaskazini. Wakatoliki wengi hawakuwaamini polisi wa huko, hasa kikosi cha akiba kilichoitwa B Specials. Kamati iliyoongozwa na Lord Hunt ilipendekeza polisi wasibebe bunduki kwa kawaida na kikosi hicho kivunjwe. Aliyeitwa kuyatekeleza alikuwa Young, sasa akiwa na miaka 62. Baada ya mapendekezo hayo kutangazwa palizuka ghasia Belfast, na polisi mmoja akauawa kwa risasi. Young alikaa kama mwaka mmoja, B Specials wakavunjwa, naye akarudi London mwaka 1970. Amani haikuja upesi huko, na baadaye polisi walirudishiwa silaha. Alistaafu 1971 na kufariki Januari 1979.

Neno la muhula

Kaulimbiu ya polisi wa Kenya leo ni Utumishi kwa Wote. Tazameni neno la kwanza. Mzizi wake ni -tum-, kama katika kutuma. Kutokana na mzizi huo tunapata mtumishi, anayefanya kazi kwa ajili ya wengine, na pia mtumwa, asiye na hiari. Mtumishi anaweza kukataa amri mbaya. Mtumwa hapewi nafasi hiyo. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti aliyokuwa akiipigania Young alipoandika barua yake. Na neno la mwisho, wote, linamhusu pia chifu mwenye marafiki wakubwa na mfungwa asiye na hata mmoja.

Msamiati

*Hali ya hatari*: wakati serikali inapojipa mamlaka ya ziada kwa sababu ya vita au machafuko.
*Mlowezi* (wingi *walowezi*): mgeni aliyehamia nchi na kuchukua ardhi ili akae.
*Kizuizini*: kufungwa bila kuhukumiwa na mahakama.
*Jalada*: faili la karatasi za kesi au la ofisi.
*Kukiri*: kukubali kwamba umefanya kosa.
*Kumkingia mtu kifua*: kumtetea mtu asiguswe.
*Kujiuzulu*: kuacha cheo kwa hiari yako.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini ilikuwa muhimu kwamba homugadi hawakuwa chini ya polisi?
2. Ungekuwa Young, ungejiuzulu, ungebaki kama McPherson, au ungesema hadharani? Toa sababu.
3. Muulize mzee wa familia yako, ana kwa ana au kwa simu, anakumbuka nini au alisimuliwa nini kuhusu miaka hiyo. Andika sentensi tano kwa Kiswahili, ulete darasani Jumamosi ijayo. Kama mzee hapendi kuzungumzia mambo hayo, usimlazimishe. Mwamkie, mshukuru, na uandike kuhusu neno *utumishi*.